Unanizibia Mwanga

Ndani ya basi, mama muuza viatu alikuwa amenyoosha shingo, akisoma riwaya ya muuguzi aliyeketi kando yake. Kukaribishwa hakukaribishwa.

"Usifunue kwanza, mwanangu, sijafika chini."

Muuguzi akacheka. "Umemwona huyu binti wa chuo humu riwayani, mama? Wenzake wanaogelea baharini, yeye na kitabu! Kijana mtanashati kaja kusimama mbele yake, anaambiwa, 'Unanizibia mwanga.'"

"Hapo ndipo aliponimaliza! Lakini atamkubali tu."

"Thubutu! Kitabu kwanza."

"Na kijana si kakaa mchangani, anasubiri sura iishe? Mwanamume wa hivyo haachwi."

"Anaachwa, mama!"

Basi likasimama. Muuguzi akashuka na riwaya yake. Mama naye akashuka, ingawa kwake kulikuwa bado mbali.

"Twende polepole," akasema, "na usome kwa sauti."