Damu ya Binti Yangu

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja mwenye futi ya fundi cherehani begani alikiona kitambulisho cha kituo cha utafiti shingoni mwa kijana aliyekaa naye. Akamuuliza kama wao ndio wanaochunguza vinasaba vya wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu.

"Ndio sisi, mama," kijana akajibu kwa fahari.

"Basi mna damu ya binti yangu. Yeye nimemzika, damu yake mmeigandisha. Naenda kuidai."

Fahari ikamwisha. "Pole sana, mama. Lakini si ulitia sahihi?"

"Nilitia sahihi apimwe, apone. Sikusema mkae naye."

"Chembe zake za damu zinatusaidia kutafuta tiba. Tukizirudisha, kuna watoto watakaoumia."

Mama akamgeukia. "Hao watoto nawaombea, mwanangu. Ila mngebisha hodi kwangu kwanza. Mama yake ni mimi, siyo friji."

"Na walinzi wakikataa kukufungulia geti?"

"Nitakaa getini mpaka wachoke wao."

Basi likasimama mbele ya kituo. Kijana alitangulia kushuka, akamnyooshea mkono amsaidie. Mama hakuushika. Alishuka mwenyewe, akaelekea getini.