Mama Shitanda na Barua Iliyowekwa Kwenye Laini

Tarehe 31 Desemba 1998, baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda chetu cha rangi, Bi. Phelister Nabalayo atavua miwani, asukume kiti chini ya meza na kustaafu. Sisi tunamwita Mama Shitanda. Wateja wengi hawajamwona hata siku moja, lakini sauti yake wanaijua.

Alianzia kwenye swichibodi ya simu. Mteja akitaka kujua kama kuna rangi ya kijani, Mama alimwambia asubiri kwenye laini, akauliza ghalani, kisha akamrudia. Hata wakali waliishia kumwulizia hali ya nyumbani.

Mapema 1996 swichibodi iling'olewa, naye akahamishiwa dawati la oda, lenye kompyuta. Meneja alimpa hadi Pasaka; akishindwa, angestaafishwa mapema. Mwanawe Shitanda alikuwa kidato cha pili, na hakukuwa na mshahara mwingine wa kumsomesha. Mama aliogopa, wala hakuficha. Sisi pia tulimwogopea.

Shida yake ilikuwa adabu. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na dirisha la barua ya mteja na dirisha la hesabu ya ghala, naye aliona ni utovu wa heshima kufungua la pili kabla ya kufunga la kwanza, kama kumwacha mgeni sebuleni ukapige soga na jirani. Basi alifunga barua, akafungua ghala, akasoma, akafunga, akaanza tena. Haraka haraka haina baraka, lakini mwendo ule ungetumalizia wateja.

Yonis, aliyekuja kutufundisha, alimwambia ashikilie kitufe cha Alt, abonyeze cha Tab. Barua ikatoweka! Mama alipiga yowe, akachukua mkoba aende zake nyumbani. Yonis akabonyeza tena, barua ikarudi palepale alipoiachia. Mama akacheka hadi machozi.

“Kumbe haijakatwa!” akasema. “Iko kwenye laini tu!”

Baada ya hapo hatukumweza. Pasaka ilipokaribia, meneja alisimama nyuma yake asubuhi nzima akimtazama akihudumia watu, akaondoka bila kutaja kustaafu tena. Na sisi ofisini, dirisha likijificha, tunasema limewekwa laini.

Kuteleza hakukukosekana. Siku moja alikuwa na ratiba ya nyimbo za kwaya kwenye dirisha moja na oda ya Kitale kwenye jingine, vidole vikampotosha. Mteja akapokea faksi ya kuthibitisha madebe ishirini ya rangi nyeupe, ubeti wa tatu waimbe akina mama pekee. Alipiga simu kuuliza kama akina mama wanakuja na lori lilelile.

Mama, asante kwa subira yako, na kwa kutuchekesha hata Jumatatu. Tutakukosa sana. Mwezi uliopita Shitanda alimaliza mtihani wa kidato cha nne, na hakuna muhula aliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Uliogopa, ukajifunza, ukamsomesha. Nenda ukapumzike, Mama. Umri uliobaki na ukutendee mema.

Ndinda Kyule, Idara ya Mauzo