Faili la Saa Kumi

Ukitokea Mkunazini, mjini Unguja, ukapita kichochoro cha mafundi viti, utakuta baraza ya saruji iliyosuguliwa ikang'ara na makalio ya watu wasiokuwa na haraka. Hapo, kila baada ya sala ya alasiri, hukaa Usi Spana, fundi redio, ajuaye ugonjwa wa kila kitu na dawa ya vichache. Pembeni yake hukaa Talal Balozi, aliyeishi Maskati miezi minane na akaihadithia miaka kumi na miwili. Kahawa anauza Mkadam, karani mstaafu wa bandarini. Wa nne ni Hamed, ambaye tangu apate kazi ya hesabu kwenye kampuni ya viungo ya Bi Asila, hakuna amwitaye Hamed tena. Anaitwa Kompyuta, na jina lenyewe alilipenda kupita kiasi. Siku hiyo alifika kajiinamia, akapokea kikombe, asinywe.

— Yakhe, nasikia mtambo wenu umegoma, alianza Usi.

— Mtambo wenyewe ni mzima. Hata programu ya hesabu inafunguka. Faili la kampuni ndio linalokataa.

— Tangu lini?

— Tangu saa nne asubuhi.

Kulikuwa na mengine aliyoyameza. Bi Asila alipouliza faili limeharibiwa na nini, Hamed, mwenye cheti cha kompyuta kilichotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, aliona haya kusema hajui. Akasema, "Vumbi hilo." Basi. Bi Asila akamgeukia Mwanamwema, mfagiaji, aliyekuwa bado na kitambaa mkononi, na adhuhuri haijaadhiniwa Mwanamwema keshaambiwa asirudi tena. Hamed alijitia kutafuta karatasi chini ya meza mpaka aliposikia mlango umefungwa.

— Hilo joto, alisema Talal. Maskati kompyuta inalala kwenye kiyoyozi, tena inafunikwa shuka. Nyie mmeiweka pamoja na magunia ya mdalasini! Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu.

— Haraka iko wapi hapo?

— Ya kununua kompyuta kabla ya kiyoyozi.

— Wacha we! alidakia Usi. Hicho kirusi, na kimepita kwenye waya. Umeme wetu si unatoka bara? Unapita chini ya bahari, unalowa maji chumvi. Mashine ikishaonja chumvi imekwisha.

— Na dawa yake?

— Kofi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Litie kofi la ubavuni, hilo faili litafunguka huku linaomba radhi.

— Na ukipiga kofi ukakuta mna jini? aliuliza Talal. Majini wanapenda harufu nzuri, sheikh, na mdalasini unanukia. Wallahi yule kaingia ndani ya faili, kajikomelea.

Wakacheka. Hamed naye akacheka, maana wakicheka hawamuulizi.

Mkadam alikuwa akisuuza vikombe.

— Mie kompyuta siijui, alisema. Lakini bandarini, mtu akiniletea hati ya tarehe ya kesho, nilikuwa namrejesha nayo. Ntaipokeaje karatasi ambayo bado haijaandikwa? Labda na mtambo wenu unaona hilo faili la mbele. Lisubirini. Wakati wake ukifika litafunguka lenyewe.

Usi alipaliwa na kahawa kwa kicheko.

— Faili la mbele! Mzee, hebu kunywa maji wewe!

Hamed hakucheka. Asubuhi ile mteja alirudisha risiti: iliandikwa saa kumi, na watu ndio kwanza wanamaliza chai ya asubuhi. Bi Asila akamwambia aitie adabu mashine yake. Hamed akaingia kwenye saa ya kompyuta, iliyokuwa ikienda kwa saa za Kizungu, akafuta kumi akaandika nne, saa ya Unguja nzima, akajiona fundi. Faili alikuwa ameshalihifadhi kwa ile saa kumi. Mashine sasa ikaamini ni saa nne, na faili la saa kumi bado halijaandikwa. Alipotaka kulifungua tena, maelezo yalitokea, mistari minne ya Kiingereza, akayafunga upesi kabla Bi Asila hajamwambia amsomee. Kozi ile aliilipia miezi sita akaisoma wiki tatu. Sasa muuza kahawa kayasoma yale maandishi bila ya kuyaona, na Hamed alitamani baraza ipasuke immeze.

— Asalaam alaykum.

Alikuwa mzee mwembamba, kanzu imelowa jasho mgongoni.

— Wa alaykum salaam. Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mie Machano, nimekuja kwa miguu kutoka Jang'ombe. Babake Mwanamwema, yule anaefagia kwa Bi Asila. Nimeambiwa bwana wa kompyuta hukaa hapa.

Talal akamuonesha kwa kidevu. Hamed akainuka.

— Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu, alisema mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mtoto kakuharibia kazi. Anaapa kapangusa kwa kitambaa kikavu tu, lakini nyie ndio mnaojua. Nambie kagusa wapi, nkamfunze, asije akaharibu na kwa watu wengine.

Wote wakamtazama Kompyuta. Angeweza kusema vumbi tena. Neno lilifika mpaka ulimini, na aibu ikalirudisha. Mtu aliyedhulumiwa mwanawe ndiye anayeomba radhi!

— Hakugusa kitu, mzee. Mie ndie niliebadilisha saa.

Mzee Machano hakuelewa habari ya saa, akaiacha ipite.

— Hakugusa kitu?

— Hakugusa.

— Na wewe ulikuwepo anapofukuzwa?

— Nilikuwepo.

— Sasa, mwanangu, kafukuzwa kwa nini?

Usi alitazama miguu yake. Mzee alikuwa bado kaushika ule mkono, akingoja kwa adabu ajibiwe.