Parfait na Sindano Nyekundu

Parfait kinyozi amepita nchi saba, nyingine kwa miguu, lakini mchana huu wa Januari pale Yeoville baridi ilimkuta amekaa. Jua kali, naye yuko kwenye benchi mbele ya saluni yake, koti limefungwa hadi kidevuni. Ni siku ya kumi tangu achomwe sindano ya pili ya saratani, na kichwani hana unywele hata mmoja; husema ndiyo matangazo ya kazi yake. Moyoni aliomba wenzake wasione anavyotetemeka. Hospitali wangemlaza, na Jumamosi binti yake Gaëlle anaolewa.

— Yaya, kaka yangu, unatetemeka, akasema Elisée, mlinzi wa duka kutoka Bukavu. Wenzake humwita Waziri, maana hakosi jibu.

— Nacheza rumba kwa ndani.

— Eish! Ile dawa si ilikuwa nyekundu?

— Kama sharubati. Nilipokojoa nyekundu nikaanza kugawa urithi. Sista wa hospitali akacheka: ni rangi ya dawa, itaisha kwa siku mbili. Ati nifunike choo, nivute maji mara mbili. Wapangaji wenzangu wanadhani naharisha.

Abdulrahman wa Tanga, mwenye birika la kahawa, akamjazia kikombe.

— Basi iliyobaki imepanda juu, bwana. Mtetemo huo ni ugonjwa unang'oka.

— Hapana! Ni nywele, Waziri akakata. Zinarudi zote pamoja, zinasukumana kutafuta mlango.

— Meza Panado mbili za homa, ulale, akasema Abdulrahman.

Hapo akafika Saida, mshonaji aliyehamia duka la jirani wiki hiyo, kikombe mkononi; alikuwa amesikia yote tangu mlangoni kwake.

— Shikamoo, kaka. Mbona koti na jua hili? Usimeze kitu kwanza. Hospitali walikwambiaje?

Parfait akatazama viatu vyake.

— Kinga ya mwili imeshuka. Joto likifika thelathini na nane, au nikitetemeka tu, nipige simu saa hiyo hiyo. Walinipa na kipimajoto.

— Kiko wapi?

Waziri akakodolea macho robot, ile taa ya barabarani ya kona, kama anayesubiri iwake kijani. Abdulrahman akaanza kupuliza makaa. Jumapili walikuwa wamebishana kahawa ya nani ni ya moto zaidi, ya Abdulrahman au ya yule Mhabeshi wa ng'ambo ya barabara, wakakitumbukiza kipimajoto kwenye birika. Kililia mara moja tu, kikafa.

— Haya, akasema Saida. Mimi mgeni, mmenialika juzi tu, niambieni. Jumamosi nivae ya harusi au ya msiba?

Waziri akainuka, akaelekea barabarani.

Parfait akatoa simu.

— Allô, sista? Ni Parfait, yule kinyozi. Natetemeka tangu asubuhi… Kupima?

Akawageukia wenzake. Waziri alikuwa tayari barabarani anasimamisha teksi, Abdulrahman anamwaga kahawa yote kwenye mtaro afunge kazi.

— Hapana, sista. Tulipima kahawa. Nakuja.