Emilienne Mulumba na Roketi Iliyodakwa

Marehemu Mama Emilienne Mulumba alizaliwa Pweto, Kongo, tarehe 12 Mei 1989, binti wa kwanza wa Mzee Mulumba, mshona nyavu.

Alianza shule hukohuko, na mabomu ndiyo yaliyomkatiza. Desemba 2000, bomu liliangukia nyumba ya jirani na kuua wote waliokuwa mezani. Familia ilikimbilia Chienge, upande wa Zambia, kwa miguu, naye akiwa amembeba mdogo wake Guylain mgongoni. Alimaliza shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi, huku akijificha chini ya dawati kila ndege ilipopita.

Tangu 2008 aliuza samaki wakavu Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, na kwa bei hakuwa na mchezo. Mwaka 2012 aliolewa na Bwana Chisanga, fundi wa injini za boti, ambaye kwenye mahari aliombwa simu yenye kioo kikubwa badala ya vitenge. Kumbe bibi harusi alitaka kutazama roketi. Ugonjwa huo wa kupenda roketi haukupata dawa. Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya ibada, aliwakusanya akina mama wenzake penye vichanja vya samaki waone kwenye simu yake roketi kubwa ikirudi kutoka juu na kudakwa na mikono ya mnara. Wenzake walipiga vigelegele. Yeye alilia.

"Sikujuaka kama kintu inaweza kuanguka toka ku mbingu, batu baipokee muzuri," alisema.

Marehemu hakuugua. Novemba 2025 alikwenda kisiwa cha Chisenga kununua samaki. Jumamosi, tarehe 8, aliwaambia wavuvi kwamba jioni hiyo msururu wa setilaiti ungepita juu yao kama taa zilizofungwa kwenye kamba moja. Ukapita kweli, wakabaki midomo wazi. Kesho yake radi ikamuua mvuvi kijana, na kambi nzima ya wavuvi ikamgeukia Emilienne. Walimfunga kwa kamba za nyavu. Mwelwa, mwenye kambi, akamwambia, "Sema ni wewe ulileta mataa na radi, tukuache."

"Mataa, ni batu balituma. Mie nilisoma tu mu telefone. Radi, sijue."

Walimpiga kwa makasia mpaka makasia yakavunjika, kisha wakaokota mawe. Walimpasua fuvu. Alifia ndani ya boti iliyokuwa ikimleta hospitali.

Wazee wa kisiwa wameiomba familia iandike kwamba boti ilipinduka. Familia imekataa, na imekataa kwa hasira. Uongo mdogo ungemwokoa Jumapili ile, na hakuusema. Hakuna atakayeusema kwa niaba yake leo.

Ameacha mume, mabinti wawili, Memory na Jeanine, na mdogo wake Guylain, anayeusoma wasifu huu. Ameacha pia wanaume waliomshika miguu akipigwa. Baadhi yao wamesimama kule nyuma, wamevua kofia. Yeye apumzike kwa amani. Wao wasipumzike mpaka waseme, mbele ya watoto wake, kwamba hakuwa mchawi.