Marehemu Bethuel Okumu na Tumbo la Meli

Bethuel Okumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Seme, karibu na Kisumu, mtoto wa tatu wa Mzee Zakayo na Mama Nerea. Alisoma shule ya misheni ya kwao. Akiwa darasa la nne alichora meli ya ziwani katikati ya somo la hesabu. Mwalimu alimchapa, kisha akauomba ule mchoro.

Mwaka 1950 aliajiriwa katika karakana ya meli Mombasa. Yeye na rafiki yake Ussi waliingia ndani ya manowari zilizoletwa kutengenezwa, wakabandua asbesto, ile kinga ya joto iliyofunika mabomba ya mvuke. Vumbi jeupe liliwakaa nyweleni kama unga, nao wakachekana. Hakuna aliyewaonya.

Alimwoa Roselyne tarehe 6 Desemba 1958, na Mungu akawajalia binti, Charity. Mwaka 1967 walihamia hapa Birmingham, mtaa wa Sparkbrook, naye akafundisha uchoraji wa mashine chuoni.

Mwaka 1973 mgeni kutoka Pwani alimletea habari kwamba Ussi amefariki, kifua. Bethuel aliuliza neno moja tu: "Alianza na kikohozi kikavu?" Mgeni akaitikia. Bethuel hakumwambia mkewe, ingawa mwenyewe alikuwa akikohoa tangu Krismasi.

Mwaka huo kanisa lilimwomba aunde mfano wa meli ya watumwa iliyokamatwa na manowari za Uingereza katika Atlantiki, karne iliyopita. Alisoma habari zake hadi akakosa usingizi. Mara nyingi waliokombolewa hawakushushwa upesi. Walibaki mle melini hadi Freetown, Sierra Leone, wakingoja mahakama iamue kesi ya meli, na wengi walikufa huku bendera ya wakombozi ikipepea juu yao.

Mzee wa kanisa, Bwana Fanuel, alishtuka kuona ubavu wa meli umeachwa wazi, watu waliobanwa ndani wakionekana.

"Bethuel, ziba hapo. Watoto wataogopa."

"Waogope, Mzee. Wakombozi walikuwa wamekwisha fika, na watu bado wakafa."

Mfano ulionyeshwa Mei 1974, ubavu ukiwa wazi. Charity aliuinamia, akauliza, "Daddy, why didn't they just let them out?" Baba yake alifungua kinywa kumweleza kwa nini watu wale hawakutolewa tu, kikohozi kikamkaba, akatoka nje. Roselyne alimkuta ameegemea ukuta.

"Baba Charity, tangu lini?"

Ndipo akamweleza habari za Ussi.

Madaktari walimtoa maji kifuani mara kwa mara, wakasema ugonjwa wa vumbi la asbesto ulikuwa umejificha miaka mingi na hauna dawa. Mwaka wake wa mwisho alilala ameketi. Alifariki hospitalini Jumanne asubuhi, tarehe 9 Novemba 1976, Roselyne akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti, kaka wawili na mama yake mzazi. Mama Nerea hajui. Kaka mkubwa yuko njiani kutoka Nairobi kwenda Seme kumwambia, na leo tunapomzika Bethuel, mama bado anamngojea aje nyumbani Krismasi.

Mungu ampumzishe Bethuel kwa amani, na amtangulie huyo anayekwenda kupiga hodi.