Mwanabaraka, Aliyetanguliza Vyombo Akachelewesha Moto

Wasikilizaji wapendwa, leo natangaza nimesimama. Fundi mitambo amenivutia kiti, nimekisukuma. Amenivutia tena, nimemkazia macho. Ninayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kukaa, na mimi nikikaa nitajiona kama namsengenya. Tunamkumbuka Bi Mwanabaraka binti Badru, aliyefundisha kompyuta hapa Kibiti wakati wengi wetu hata taipureta tulikuwa tunaiogopa. Amezikwa Ijumaa kwao Mohoro. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Bi Mwanabaraka binti Badru, mke wa Mzee Zubeiri mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Baba yake, Mzee Badru, alikuwa na duka la nguo na chumvi pale Mohoro. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa Mndengereko, mkulima wa mpunga, na dukani alikuwa hakai hata kwa dawa. Msimu ukifika anashuka bondeni, anapanda kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti, anaamia ndege, anawafukuza wasile mpunga, kwa nyimbo. Mwanabaraka alichukua kwa mama. Mdogo wake, Bi Rukaiya, ameniambia huku akicheka na kulia kwa pamoja: "Dada akitumwa sabuni, anarudi na habari za mtaa mzima. Sabuni kasahau!"

Akaenda Dar, akajifunza kupiga taipu, akaajiriwa. Ikaja ile miaka ya ruksa. Mnaikumbuka? Mitumba kila kona, biashara zimefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Ofisini kwake wakaleta kompyuta mpya, ile kuukuu wakataka kuitupa. Mwanabaraka akasema, naiomba. Akaja nayo hapa Kibiti, alikokuwa ameolewa, juu ya lori, ameipakata kama mwali. Akaifunga kwenye chumba kilichopakana na mashine ya mumewe, kwa sababu umeme ulikuwa wa jenereta ya mashine. Akafungua darasa la wasichana.

Haya, nisikilizeni vizuri hapa. Wazazi hawakutoa mabinti zao hivi hivi. Walisema: msimu mmoja tu. Mtahini akija kutoka Dar na wasichana wakapata vyeti, sawa, wataendelea. Wakikosa, wanarudi bondeni, na wenye posa wanaolewa. Mmoja wao, Mwanaharusi, posa yake ilikuwa imeshapokelewa na ami yake. Kilichobaki cha kumwokoa ni mtihani huo tu.

Na wiki ya mtihani, mwaka wa tisini na tatu, ndiyo kompyuta ikaanza kuumwa.

Ndani ya kompyuta kuna diski, ndilo ghala lake. Ghala la Mwanabaraka lilikuwa limejaa pomoni, na sasa lilikuwa linakwaruza. Krrr, krrr. Mwanaharusi anasema walikuwa wakisikia sauti ile wanashikana mikono. Ndani ya diski ile kulikuwa na masomo yote, na kazi za wasichana alizotaka kuziona mtahini. Na kulikuwa na kitu kingine. Bi Mwanamkuu, mama mtu, mwaka wake wa mwisho aliuguzwa hapa Kibiti. Alikuwa akilala kwenye mkeka karibu na kompyuta, anaimba zile nyimbo za kuamia ndege, za Kindengereko, na bintiye anazipiga taipu papo hapo. Mama alishafariki. Nyimbo zilikuwa mle tu.

Mwanabaraka akaagiza diski mpya, kubwa zaidi, kwa fundi Husseini wa Dar. Ikaja na basi, imefungwa kwenye gazeti. Husseini alianza kumweleza kwa simu namna ya kuifunga, lakini jamani, nani aliwahi kumweleza Mwanabaraka jambo likafika mwisho? Alishakata simu, yuko njiani anakimbia. Akaifunga diski mpya pembeni ya ile ya zamani, akaisafisha, akaanza kuhamisha. Masomo, kazi za wasichana, nyimbo za mama, vyote vikaingia. Wasichana wakapiga vigelegele.

Kikabaki kitu kimoja. Ile programu inayoiamsha kompyuta ukiiwasha, bila hiyo mashine ni sanduku. Akaiamuru ihamie diski mpya. Kompyuta ikajibu: hakuna nafasi.

Hakuna nafasi! Diski kubwa, nusu tupu! Akaamuru tena. Hakuna nafasi. Mzee Zubeiri anasema mkewe alitoka nje, akazunguka mashine ya kukoboa, akarudi, akatoka tena. "Nilimwambia, Mama Talib, hata kuku akitaka kutaga hutulia. Akanijibu, basi taga wewe."

Akakimbia posta kumpigia Husseini. Fundi akamuuliza, ulianza na nini? Akajibu, na vyombo. Moto nimeuweka mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, Husseini hakuelewa. Mimi nilielewa, nanyi watu wa bonde mnaelewa. Bi Mwanamkuu akihama dunguni kurudi kijijini baada ya mavuno, alikuwa na utaratibu wake. Mpunga unatangulia, mikeka, vyungu, kuku. Moto wa mwisho kabisa. Anatoa kijinga cha moto mafigani, anakibeba mwenyewe, nyuma ya watu wote. Alikuwa akisema, nyumba haina chungu, utaiwashia moto upike nini? Mwanabaraka amehama hivyo tangu hajui kuvaa kanga. Akahamisha na diski hivyo hivyo.

Kumbe kompyuta zile za zamani zilitaka kinyume. Ile programu ya kuamsha lazima iwe ya kwanza, mlangoni kabisa. Ukishaweka vyombo mlangoni, hata nyumba iwe na vyumba mia, inakuambia hakuna nafasi. Husseini akasema: futa yote, weka ya kuamsha kwanza, halafu hamisha vitu upya.

Futa yote. Maana yake, nakala nzima iliyo kwenye diski mpya iondoke, kila kitu kibaki tena kwenye ile diski inayokwaruza. Itastahimili kuhamishwa mara ya pili? Husseini alisema hajui. Na mtahini anafika kesho asubuhi.

Bi Rukaiya siku hiyo alikuwa Kibiti, alikuja kusalimia. Akamshika dada yake mkono. "Nilimwambia, dada, kaa. Kabla hujafuta, zifungue nyimbo za mama, wewe usome, mimi niandike kwenye karatasi. Diski ikakwaruza. Akasema, hii ikizimika kabla ya kuiamsha mpya, hawa mabinti wamekwisha. Nitakaa mtihani ukiisha."

Akafuta.

Akaweka programu ya kuamsha. Safari hii ikaingia bila neno. Akaanza kuhamisha vyombo. Masomo kwanza. Yakaingia. Kazi za wasichana, moja moja, hadi ya Mwanaharusi. Zikaingia. Nyimbo za mama alizipanga mwisho. Akaamuru. Diski ya zamani ikakwaruza kwa muda mrefu, ikapiga kelele kama kijiko ndani ya sufuria, ikanyamaza. Hawakuisikia tena.

Mzee Zubeiri anasema mkewe hakulia. Aliuliza tu nani ameona bisibisi.

Kesho yake mtahini akaja. Kompyuta ikaamka. Wasichana wakapata vyeti, na wazazi wakaridhika. Ile posa ikarudishwa kwa heshima, na Mwanaharusi leo ni mhasibu wa halmashauri, ana wajukuu. Kwa miaka yote Mwanabaraka hakumwambia mtu kwamba nyimbo za mama zilibaki kwenye diski ile; aliyejua ni mdogo wake tu, aliyekuwapo.

Je, angekaa kidogo, angeziokoa? Nimebishana na nafsi yangu wiki nzima. Nakasirika, namtetea, nakasirika tena.

Ijumaa, msibani, wanawake walikuwa ndani na maiti. Bi Rukaiya akataka kumwimbia dada yake wimbo mmoja wa mama yao. Akaanza. Akafika katikati ya ubeti wa pili, akakwama. Akarudia mwanzo, akakwama palepale. Akauliza kama kuna anayeujua. Hakuna aliyeujua. Ndipo akawaeleza kwa nini. Mwanaharusi alikuwamo mle ndani, ameniambia mwenyewe. "Nilidhani alinipa cheti," alisema. "Kumbe alinipa mama yake."

Kwa Mzee Zubeiri, kwa Talib na ndugu zake, kwa Bi Rukaiya, kwa wote Mohoro na Kibiti: poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanabaraka binti Badru, ampe utulivu ambao hapa kwetu hakuutaka.

Na ninyi mnaonisikiliza Maparoni, Kiongoroni, Ikwiriri. Kama mama yako bado anaimba, acha redio hii. Ndiyo, izime, sitakasirika. Nenda kakae karibu naye.